Kabla Hujaenda Shoo Sokoine, Panga Kwanza Namna ya Kurudi

Gari la matangazo likipita Mwanjelwa na spika juu, likisema staa fulani anatua uwanja wa Sokoine, hapa Mbeya, Jumamosi, usikimbilie kupanga nguo. Panga kurudi. Kwenda si kazi: jioni hiace zipo, bajaji zipo, na mwenzako mwenye pikipiki yuko tayari kukupitia. Kurudi ni saa tisa usiku, baridi imekaza, simu imezima, na uwanja mzima unagombania bajaji zilezile. Hapo nitakaa sana. Tumalize kwanza yale mepesi.

Tiketi nunua mapema, tena pale walipotaja waandaaji wenyewe. Kijana anayekuvuta pembeni ya geti akikuambia anayo ya VIP kwa bei ya kawaida, mwache na VIP yake. Na ukishanunua, usiirushe picha ya tiketi kwenye status. Zile zenye alama ya kuskani husomwa mara moja tu. Aliyekuibia picha akitangulia getini, wewe mwenye tiketi halali ndiye utakayeonekana tapeli.

Kula chakula cha maana kabla ya kutoka. Chipsi za nje ya uwanja siku ya shoo zina bei yake.

Vaa raba za kufunga kamba. Sendo na visigino acha nyumbani, hata kama gauni linadai.

Muda ulioandikwa kwenye bango usikudanganye. Ikiandikwa saa kumi na mbili jioni, ujue saa hiyo mafundi bado wanajaribu maiki. Watapanda chipukizi wa hapahapa, ambao nakushauri uwasikilize, maana mji huu ndio wa Sugu na wa Rayvanny, na hakuna aliyezaliwa staa. Mwenye bango mwenyewe atapanda saa saba au saa nane usiku. Hesabu zako za usafiri zianzie hapo.

Sasa baridi. Wenyeji mnaijua, nawaambia wageni wa Dar, wa Morogoro na hasa ndugu zetu wa Kyela. Mbeya iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kyela, kule kandoni mwa Ziwa Nyasa, haizidi sana mita 500. Mtu anatoka kwake na fulana ya mikono mifupi akiona jua la saa nane mchana, halafu usiku wa Juni au Julai joto linashuka chini ya nyuzi 10. Na matamasha mengi huku hupangwa miezi hiyohiyo, kwa sababu mvua zimekatika na watu wameuza mazao, mfukoni kuna kitu. Kibaya zaidi ni kwamba ndani ya uwanja huisikii baridi. Unaruka, unatokwa jasho, shati linalowa. Ukitoka nje na shati bichi ndipo unapotetemeka mpaka meno yanagongana. Koti lifunge kiunoni, mzula tia mfukoni, na dada zangu, khanga moja kwenye pochi haijawahi kumlemea mtu. Wa Iringa mnaokwenda uwanja wa Samora, haya yote ni yenu pia, ongezeni upepo.

Baridi hiyohiyo inamaliza chaji. Betri za simu zetu ni za lithiamu, na zikipoa nguvu zake hupungua. Simu iliyoonyesha asilimia 20 inaweza kuzima palepale ukiitoa mfukoni. Mnara wa simu nao una kiwango cha watu unaoweza kuwahudumia kwa wakati mmoja. Watu wakijaa uwanjani, nusu yao wako laivu, simu yako itaonyesha alama za mtandao zimejaa lakini kupiga haipigi na kutuma pesa haitumi. Ujumbe mfupi wa maneno ndio unaojipenyeza. Kwa hiyo nauli ya kurudi iwe taslimu, noti ndogondogo, isichanganywe na hela ya soda.

Haya, tuje kwenye kurudi.

Binti wa mama mdogo wangu alikuja shoo ya hapa na wenzake. Walikodi Coaster kutoka Kyela, kundi la vijana wa mtaa mmoja, wameimba njia nzima Tukuyu mpaka Uyole. Dereva akawashusha, wakakubaliana kwa sauti moja: shoo ikiisha tukutane getini. Geti lipi? Hakuna aliyeuliza. Walikuwa wameingilia moja, wakadhani dunia nzima ina geti hilo.

Msanii alipomaliza, askari walifungua upande mwingine ili kupunguza msongamano, na yule binti, aliyekuwa mbele kabisa karibu na jukwaa, akabebwa na watu akatokea huko. Simu ilikuwa imekufa zamani. Alirekodi shoo nzima, video za giza na kelele ambazo hakuna aliyewahi kuzitazama. Akazunguka ukuta wa uwanja kurudi kwenye geti lao. Coaster haipo. Askari walikuwa wamemwamuru dereva aondoe gari barabarani, akaenda kuegesha mbali. Wenzake wakalifuata mmoja mmoja, wakapanda, wakajibana. Waliokaa mbele wakaamini binti yuko nyuma na fulani. Walioko nyuma wakaamini yuko mbele. Hakukuwa na karatasi ya majina. Saa kumi gari likaondoka.

Binti akabaki na blauzi moja. Mungu si Athumani, palikuwa na mama mmoja anayeuza chai na maandazi kwenye jiko la mkaa, akamwita: "We mwanangu, sogea hapa upate moto." Akampa na kiswaswadu chake apige kwa ndugu. Hapo ndipo msiba ulipoanzia. Namba za wenzake zote zilikuwa ndani ya simu iliyokufa. Namba yangu mimi niliyelala Uyole, mwendo wa bajaji tu, hakuijua. Namba pekee iliyokuwa kichwani ilikuwa ya mama yake, kwa sababu ni ileile tangu yuko shule ya msingi.

Akampigia mama. Kyela. Saa kumi usiku. Kwa namba ngeni.

Kwetu simu ya saa kumi usiku haina habari nyingine. Mama mdogo akapokea akiwa tayari ameshika kichwa, akasikia, "Mama, ni mimi, niko Mbeya, gari limeni..." salio likakata. Limeniacha, alitaka kusema. Mama mdogo alimalizia sentensi mwenyewe. Akapiga ile namba, haipatikani. Akampigia kaka yake Tunduma. Wa Tunduma akampigia wa Chunya. Mimi niliamshwa na wa Chunya, na habari iliponifikia Coaster ilikuwa imepinduka Kiwira, waliofariki bado hawajahesabiwa, nikimbie hospitali nikatambue.

Nilipitia uwanjani kwanza, kwa sababu bodaboda niliyempata alisema ametoka mjini muda huohuo na hajasikia ajali yoyote. Nikamkuta binti kwenye jiko, amefunikwa khanga ya watu, anatafuna andazi. Nikampigia mama yake. Kilio nilichokisikia nyuma yake kilikuwa cha majirani. Walikuwa wameshajaa sebuleni na mmoja ameshaanza kupanga viti nje. Mama mdogo aliomba aongee na yule muuza chai, akamwambia "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa, mpaka sauti ikakauka. Mwanawe akaambiwa mengine, siyaandiki.

Kwa hiyo zingatia. "Getini" si mahali pa kukutania. Chagueni kitu kisichohama, mbali kidogo na uwanja, ambacho hata mgeni akiuliza ataonyeshwa: kituo cha mafuta, kanisa, makutano kama Kabwe au Mafiati. Mkifika mchana, mpelekane mkapaone kwa macho. Wekeni na saa ya kukutana, msiseme "shoo ikiisha", maana mmoja atatoka wimbo wa mwisho haujaanza na mwingine atasubiri apige picha na madansa. Anayekusanya michango ya gari awe na majina kwenye karatasi, na gari lisiwashwe kabla ya kuita jina kwa jina, kila mtu aitike kwa mdomo wake. "Yupo huko nyuma" si jibu. Namba ya dereva iwe kwa kila mmoja, na umuulize mapema akifukuzwa hapo alipo atahamia wapi.

Namba mbili zikae kichwani, moja iwe ya mtu aliye ndani ya mji huo wa shoo. Ukishindwa kukariri, andika kwenye kipande cha karatasi ukiweke ndani ya soksi. Vibaka wanachukua pochi na simu, soksi bado hawajaitamani. Na ukiazimwa simu usiku wa manane, sentensi ya kwanza iwe "mimi mzima". Mengine yafuate kama salio litaruhusu.

Jambo la pili zito ni pale unaposimama. Uwanja kama Sokoine, wanakochezea Mbeya City na Prisons, umejengwa kwa mpira: watu wakae majukwaani, katikati wawepo wachezaji 22 na mwamuzi. Siku ya shoo mambo yanageuka, wote wanashuka kwenye nyasi na kusukumana kuelekea upande mmoja. Tusijifanye hatujui kinachoweza kutokea. Februari 2020, watu 20 walikufa kwenye msongamano wa ibada ya uwanjani Moshi. Machi 2021, uwanja wa Uhuru Dar, watu 45 walikufa siku ya kumuaga Rais Magufuli. Wale hawakwenda kupigana. Mmoja alikwenda kuombewa, mwingine kuaga.

Wengi hudhani watu hufa kwa kukanyagwa. Wapo wanaokanyagwa, lakini wengi hukosa hewa wakiwa wamesimama wima. Wakifika watu watano au sita katika mita moja ya mraba, huamui tena unakwenda wapi; mnapelekwa kama maji. Kifua kinabanwa mbele na nyuma, mapafu hayapati nafasi ya kutanuka. Kwa hiyo dalili ni hii: ukiona huwezi kuinua mkono ujikune pua, toka. Usisubiri wimbo uishe. Usishindane na msukumo kwa kurudi nyuma moja kwa moja. Subiri wimbi litulie, kisha songa kimshazari kuelekea pembeni. Mikono ikunje mbele ya kifua kama bondia anayejikinga, ili upate upenyo wa kupumua. Usipige kelele bila sababu, hewa ni yako itunze. Simu ikidondoka, kiatu kikivuka, viache, ndiyo maana nilisema raba za kamba. Anayeinama pale huenda asiinuke. Mwenzako akianguka, shikaneni wawili watatu mumwinue papo hapo.

Ukiingia tu, kabla hujatafuta pa kusimama, tazama milango iko wapi, yote, si ule ulioingilia. Simama upande wa pembeni kuelekea mmoja wao. Msanii utamwona vilevile. Aliye mbele kabisa, kwa taarifa yako, anaona viatu vya msanii na mgongo wa baunsa.

Spika nazo zinaumiza. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2022 kwamba sauti kwenye kumbi na matamasha isizidi wastani wa desibeli 100, na hicho tayari ni kiwango kikubwa. Hakuna atakayekupimia desibeli uwanjani, ila sikio lina kipimo chake: ukilazimika kumpigia kelele mtu aliye hatua moja kutoka kwako, uko karibu mno. Sogea. Masikio yakivuma kesho yake, ujue umeyaumiza, na yakiendelea kuvuma muone daktari. Pamba ya kawaida husaidia kidogo sana. Vipo vizibo vya masikio, tafuta vya kwako.

Watoto wadogo wabaki nyumbani. Najua anaujua wimbo wote, abaki.

Kinywaji chako usikiache kwa mtu uliyefahamiana naye kwenye foleni, na ukikiacha, usikirudie. Kama utakunywa, kunywa ukijua nani katika kundi lenu hanywi, awe ndiye mwenye hela ya nauli. Bodaboda wa saa tisa usiku mtazame macho kwanza. Wengine wamekuwa ndani ya shoo pamoja nawe, wamekunywa kuliko wewe, na barabara kuu ya Tunduma ina malori usiku kucha. Mkatae, chukua mwingine, au subirini bajaji mpande kwa pamoja. Helmeti hata kama inanuka, vaa. Kama unatoka mbali na hukupanga gari la kurudi, ni nafuu kulipia gesti mapema mchana, kabla bei hazijapandishwa, au kuomba godoro kwa ndugu. Ndugu mwenyewe ujulishe mapema, kwa simu, mchana. Usimgongee tu mlango alfajiri.

Pesa gawanya mifuko miwili. Ufunguo wa nyumba usitembee na pochi yenye kitambulisho kinachoonyesha unapokaa. Namba ya polisi ni 112, ya zimamoto 114. Nyumbani aga, useme ni shoo, useme na nani, useme na gari gani. Ukidanganya kwamba uko kwenye mkesha wa kanisa, siku ukipotea watakutafuta kanisani.