Mambo ya kuzingatia kabla hujafungua faili kwenye Python

Vijana wetu wa hapa mjini wananiletea programu zao niwatizamie, na karibu kila moja inafungua faili halafu hakuna anaejua litafungwa saa ngapi. Someni haya kabla hamjaweka programu mbele ya watu.

Jua unafungulia nini. Herufi unayoipa open ndo inasema, r ni kusoma, a ni kuongezea mwishoni, na w inafuta kila kilichomo papo hapo, hata kama hujaandika herufi moja. Ukitaka faili jipya bila kugusa la zamani tumia x, jina likiwepo tayari itakataa yenyewe.

Weka encoding="utf-8" kila mara, hio ndo namna ya kuzihifadhi herufi kwenye faili. Kompyuta nyingi za Windows ukiziachia zichague hazichagui hio, siku mtu akiandika jina kwa herufi za Kiarabu programu inasimama.

Njia ya faili usiandike ile ya kompyuta yako tu. Hilo mnalijua.

Sasa kufunga. Mie nilikuwa Pemba, upande wa Micheweni, nimemtengenezea mnunuzi mmoja wa mwani programu ya mizani, asubuhi inafungua faili, kila mama akipima unaandikwa mstari mmoja, tarehe, jina na kilo, jioni karani anabonyeza maliza ndo faili linafungwa. Nyumbani niliijaribu kwa mistari kumi ikatoka vizuri, nikamwambia karani daftari weka pembeni. Basi siku hio alasiri umeme ukakatika, kompyuta haina betri, uliporudi nafungua faili naona ya jana yapo, ya leo hata mstari mmoja hakuna. Watu walikuwa mia na kitu na magunia yao yameshapangwa kwenye gari yamechanganyika.

Sababu yake ni hii. Ukiandika, maneno hayendi kwenye diski moja kwa moja, yanakaa kwanza kwenye bafa, yaani kijisehemu cha kumbukumbu cha kusubiria, na kwenye Python yangu bafa ilikuwa baiti 8192. Mstari wangu mmoja haufiki baiti 50, piga hesabu mwenyewe, watu wa siku nzima hawakuijaza, kwa hio kazi yote ilikuwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta inasubiri kufungwa. Tukakaa mpaka baada ya isha tunamuuliza mmoja mmoja. "Mwanangu, mie la kwanza kilo 38, la pili silikumbuki," mama mmoja akaniambia, na huo ni mwani wa bamvua nzima, mgongo wake na maji ya chumvi, akaandikiwa pungufu kwa sababu yangu mie. Lile gunia la pili sijalisahau.

Kwa hio tumia with, ipo tangu Python 2.5 ya mwaka 2006, ukitoka ndani yake faili linafungwa hata kama programu imepata hitilafu katikati. Lakini sikilizeni vizuri, with ukiizungushia siku nzima umeme ukikatika haikusaidii kitu, fungua, andika, funga, kwa kila mzani. Na hata kufunga kunaikabidhi tu kazi kwa Windows au Linux, bado si lazima iwe imefika kwenye diski, kwa hio ikiwa ni pesa au kilo za watu ita flush, inayotoa yaliyomo kwenye bafa, kisha os.fsync, inayoulazimisha mfumo uyafikishe kwenye diski, kabla hujafunga, ndo umwambie mama tayari.

Wa Java mnayo try ya kufunga yenyewe tangu Java 7, itumieni. Ukifungua mafaili ndani ya lupu bila kufunga, Linux nyingi zinakukatalia yakikaribia 1024, na Windows haikuachii kufuta faili ambalo programu yako bado imelishika. Ukitaka kuandika upya faili zima andika jipya pembeni, folda ile ile, likikamilika ndo os.replace, inayoliweka jipya mahali pa la zamani, usianze kwa kulifuta la zamani.

Na ujaribu kwa vurugu, si kwa mistari kumi, endesha programu halafu chomoa waya makusudi utizame kilichobaki, nakala iwepo kwenye mashine nyengine, flashi usiichomoe wakati inaandika, betri ya akiba kama uwezo upo, na daftari la karani libaki pale pale mezani na kalamu yake.