Namna ya Kumwandikia Binti Hadithi ya Safari ya Ajabu

Anza na mahali ambapo msomaji wako wa Mbeya anapajua: Ziwa Ngosi lililo ndani ya kasoko katika Milima ya Poroto, au Kimondo cha Mbozi, ambacho kina uzito wa takribani tani 16 na kinafaa kabisa kuwa mlango wa dunia nyingine. Kisha mpe shujaa wako, binti wa miaka 10 kutoka Tukuyu, shida ambayo yeye mwenyewe ndiye atakayeitatua. Kaka yake akija kumwokoa mwishoni, hadithi imeharibika. Uchawi uwe na gharama: akizungumza na mbega wa Rungwe, kwa mfano, apoteze sauti yake hadi alfajiri. Mwache aogope, akosee, ajaribu tena. Rasimu wasomee mabinti kwa sauti, na wanapopiga miayo, kata aya hiyo.