Kabla hujatoka na gari la doria, fungua buti kwanza

Nawaandikia nyie mnaokesha barabara kuu na gari la doria, mmepaki pembeni taa zinawaka. Wengine wanapita, sisi tumesimama, ndo maana kugongwa kwa nyuma ni ajali yetu, na anayekuja anaweza kuwa na spidi 120 na hajakuona.

Mkanda funga, hata kama unasogea mita mia tu. Kiegemeo cha kichwa kipandishe kifike usawa wa utosi na kisogo kiwe karibu nacho. Pingu usizivae mgongoni katikati, zisogeze ubavuni, maana ukigongwa siti inakusukuma na kile chuma kinaingia kwenye uti wa mgongo. Mtuhumiwa siti ya nyuma naye mfunge mkanda, ni mtu huyo. Koni zipeleke mbali nyuma ya gari, sio hatua tano. Na usisimame katikati ya magari mawili, hata kidogo.

Sasa buti, hapa naomba mnisikilize.

Usiku mmoja tulisimama nyuma ya lori lililoharibika, mi nikashuka kuongea na dereva, mwenzangu akabaki ndani anaandika ripoti. Sikusikia breki, nilisikia kishindo tu. Nafika nakuta buti limejikunja mpaka kwenye siti ya nyuma, petroli inanuka na matone yanadondoka kwenye lami moja moja, mlango wake haufunguki, mkanda umembana kifuani na ananiangalia tu. Nikakimbilia mtungi wa kuzimia moto, uko kwenye buti. Kisu cha kukatia mkanda, kwenye buti. Kila kitu cha kutuokoa tulikifungia mahali pa kwanza kupondeka! Yule dereva wa lori ndo alivunja kioo kwa spana ya tairi, akakata mkanda kwa kisu chake, tukamvuta mwenzangu dirishani nyonga imevunjika, analia. Moto haukuwaka, ni Mungu tu.

Asubuhi gari liliponyanyuliwa nikainama kuangalia. Mtaimbo wetu, ambao jioni niliulaza mimi mwenyewe kwa urefu, ncha ikiangalia mbele, ulikuwa umetoboa ukuta wa buti na kuzama kwenye tanki. Tanki la gari lile lilikaa hapo hapo, nyuma ya ekseli, kile chuma kinachoshika tairi za nyuma.

Na sio sisi tu. Kule Marekani polisi walitumia Ford Crown Victoria miaka mingi, tanki lake nalo liko nyuma ya ekseli, na kuna askari waliungua mpaka kufa baada ya kugongwa wakiwa wamesimama. Mwaka 2002 Ford ikatangaza ngao za kuzuia difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli) na boliti zisitoboe tanki, na kukawa na vifaa vya kupangia mizigo ya buti maana mizigo yenyewe ilikuwa hatari. Kipimo cha sheria yao cha kuvuja mafuta wakati ule kilikuwa kugongwa nyuma kwa maili 30 kwa saa, kama kilomita 48. Linganisha na huyo wa 120, kwa uzito ule ule kishindo chake kina nishati mara sita na zaidi, kwa hiyo usijipe moyo kwamba gari lilipimwa likafaulu.

Basi fanya hivi kabla ya zamu. Toa kila kitu kwenye buti, kisichohitajika kibaki kituoni. Mtaimbo, jeki, koleo, chochote kirefu au chenye ncha kilale kikingama, yani upana wa gari, kisielekee mbele, na kifungwe kwa kamba kisihame. Mtungi wa moto na kisu viwe ndani, unavifikia kwa mkono ukiwa umefungwa mkanda, jaribu kabisa ukiwa umekaa. Muulize fundi tanki la gari lenu liko wapi, usikisie.

Na kama huna sababu ya kukaa ndani ya gari, toka, kaa nyuma ya vyuma vya pembeni mwa barabara, ripoti utaandikia kituoni. Tairi za mbele zikunje zielekee nje ya barabara ili likigongwa lisisukumwe kwa aliyesimama mbele. Gari lililowahi kugongwa nyuma likanyooshwa tu na kupakwa rangi, ligomee mpaka likaguliwe tanki na mipira ya mafuta. Angalia taa za nyuma zote zinawaka, futa vumbi, na ukiwa na usingizi mwambie mwenzako mapema, mkibadilishana macho kwenye kioo cha nyuma angalau mmoja wenu anaona kinachokuja.