Kadi ya kliniki iende naye: chanjo ya nimonia kwa watoto wa Dar walio ughaibuni

Viza ikishatoka, familia nzima huanza kukimbizana na tiketi, mabegi na nguo za baridi. Kadi ya kliniki hubaki Mbagala kwa bibi, ndani ya sanduku, pamoja na cheti cha ubatizo na mikataba ya nyumba. Mtoto akifika huko, muuguzi anauliza amechanjwa nini na lini, na mama anajibu, "Zote alimaliza." Jibu hilo ni la kweli, lakini muuguzi hawezi kuliandika popote. Anahitaji tarehe.

Hapa nitaongelea chanjo moja tu, ile ya nimonia inayoandikwa PCV. Ratiba yetu na ratiba za huko zinapishana kwenye chanjo hii kwa namna inayowachanganya wazazi wengi, na wapo vijana wakubwa kabisa wanaoihitaji bila wazazi wao kujua.

Bakteria anayezuiwa na chanjo hii ni nimokokasi. Anakaa puani na kooni mwa watoto wengi bila kuwaumiza, na anahama kutoka mtu hadi mtu kwa mate na makamasi. Akishuka mapafuni analeta nimonia. Akiingia kwenye damu au kwenye utando wa ubongo, mtoto anaweza kufa, au akapona akabaki kiziwi. Ana aina zaidi ya 100, na tarakimu inayofuata herufi PCV ni idadi ya aina ambazo chanjo hiyo inazikinga. Tanzania ilianza kutoa PCV13 kwenye kliniki za watoto mwaka 2013. Kenya ilitangulia mwaka 2011 kwa PCV10. Marekani siku hizi wanatumia PCV15 na PCV20.

Dar mtoto anachomwa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, siku ileile anayopata Penta (chanjo ya magonjwa matano), na hapo PCV imeisha. Yale mahudhurio ya miezi 9 na miezi 18 ni ya surua na rubela. Ughaibuni mpangilio ni mwingine. Uingereza wanatoa dozi mbili tu, moja wiki ya 16 (kabla ya Julai 2025 ilikuwa wiki ya 12) na nyingine mtoto akitimiza mwaka. Ujerumani ni miezi 2, 4 na 11. Marekani ni miezi 2, 4 na 6, halafu ya nne kati ya miezi 12 na 15.

Sasa angalia tofauti ilipo. Mtoto wetu amepata dozi tatu na zote ni halali, ila hana hata moja baada ya kutimiza mwaka. Kwa hiyo akienda Marekani kabla ya miaka 5, daktari atataka kumwongezea moja. Akifika Uingereza akiwa na umri kati ya mwaka mmoja na miwili, naye ataitwa kwa ile dozi ya mwaka. Mkubali. Haina maana kwamba sindano za Mwananyamala au Temeke zilikuwa hafifu. Dozi ya mwaka wa pili inaukumbusha mwili na kurefusha kinga, na nchi hizo zimejenga ratiba zao juu yake. Inatakiwa tu ziwe zimepita angalau wiki 8 tangu dozi ya mwisho. Usichotakiwa kukubali kirahisi ni kuanza upya wakati kadi ipo. Dozi iliyotolewa inahesabika hata kama muda mrefu umepita. Kadi isipokuwepo, watampangia kwa umri wake kana kwamba hajawahi kuchanjwa. Kurudia kwa kawaida hakumdhuru, lakini ni sindano ambazo mtoto angeweza kuepushwa.

Basi mpigie bibi leo. "Mama, shikamoo. Naomba ile kadi ya kliniki ya mtoto uipige picha, pande zote mbili, kila ukurasa." Picha ipigwe mchana, karibu na mlango, kadi ikiwa imelala mezani. Wino wa miaka mitatu unafifia, na mhuri ukigongwa juu ya mwandiko, tarehe haionekani kabisa kwenye picha ya usiku. Kadi yenyewe mpe mtu anayesafiri aje nayo.

Ukiipata, tafuta safu ya PCV na usome tarehe tatu zilizoandikwa kwa mkono. Hapa kuna mtego kwa walioko Marekani. Chukua mtoto aliyezaliwa 20 Mei 2023, kadi yake ikaandikwa PCV 1: 04/07/2023. Sisi tunasoma tarehe 4 Julai, mtoto ana wiki 6 na siku kadhaa, sawasawa kabisa. Mmarekani anasoma mwezi kwanza, kwake ni Aprili 7, mtoto hata hajazaliwa. Dozi hiyo inakataliwa. Andika tarehe zote upya kwenye karatasi ya pembeni, mwezi kwa maneno, na uiambatanishe na kadi. Usiandike chochote juu ya kadi yenyewe, wasije wakadhani imechezewa.

Tena, ile kadi ya njano ya kimataifa inayoonyeshwa uwanja wa ndege ni habari ya homa ya manjano. Haichukui nafasi ya kadi ya kliniki. Nimeona watu wanabeba ya njano na kuiacha ya kliniki, wakiamini ni kitu kilekile.

Kuhusu vijana. Kijana aliyezaliwa Dar kabla ya 2013 safu yake ya PCV ni tupu, kwa sababu chanjo ilikuwa bado haijaanza kutolewa. Kama ana afya njema, hakuna la kukimbizia. Nchi nyingi haziwatafuti kwa chanjo hii watoto wenye afya waliovuka miaka 5, maana hatari kubwa iko utotoni.

Mwenye seli mundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi) ni jambo jingine kabisa, na ningependa hapa usome polepole. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Kwa wagonjwa hawa bandama huharibika mapema, nayo ndiyo huchuja bakteria kama nimokokasi kwenye damu. Homa inayoanza asubuhi inaweza kuwa sumu ya damu ikifika jioni. Kijana wa miaka 15 mwenye seli mundu anahitaji chanjo hii, hata kama ana ndevu. Marekani, mwenye umri wa miaka 6 hadi 18 ambaye hajawahi kupata PCV anapewa PCV20 moja, au PCV15 ikifuatiwa baada ya angalau wiki 8 na chanjo nyingine ya nimokokasi, PPSV23. Hiyo PPSV23 inakinga aina 23, lakini ni ya kuanzia miaka 2, kwani mwili wa mtoto mdogo zaidi hauipokei vizuri. Hata aliyekamilisha PCV13 Dar bado ana dozi ya kuongezewa.

Hali hiyohiyo inawahusu wanaoishi na VVU, waliotolewa bandama, wenye figo zinazovujisha protini, na waliopandikizwa kwa upasuaji kifaa cha kusikia ndani ya sikio. Zipo familia zinazonyamaza kuhusu seli mundu au VVU zikihamia nchi mpya, kwa aibu au kwa hofu ya maneno. Nawaelewa, lakini nawasihi: daktari wa mtoto aambiwe siku ya kwanza. Asipojua, atamwona kijana mzima na hatagusa sindano. Kama mtoto yuko kwenye penisilini ya kinga ya mara mbili kwa siku, asafiri na dawa ya kumtosha hadi apate daktari mpya, pamoja na barua ya kliniki yake.

Kwa mnaoleta kichanga Dar likizo: PCV inaweza kuanza wiki ya 6. Kama mnakaa muda mrefu na ratiba ya huko bado, mwulizeni daktari wenu kabla ya safari kama dozi ya kwanza isogezwe mbele. Wanaorudi kuishi nyumbani kabisa kutoka Uingereza waje na kitabu chekundu (rekodi ya afya na chanjo za mtoto ya huko), wakipeleke kituo cha afya wiki za mwanzo, hasa kama mtoto hajatimiza mwaka. Ile dozi ya mwaka haimo kwenye ratiba yetu, kwa hiyo hakuna atakayewaita.

Baada ya sindano, paja kuvimba kidogo, homa ya siku moja mbili na kulialia ni kawaida. Homa nyingine ipewe uzito. Dar, mtoto mwenye homa na anayepumua haraka apelekwe hospitali hata kama kipimo cha malaria ni hasi. Akiugua baada ya kurudi ughaibuni, mwambieni daktari mmetoka Tanzania, ampime malaria siku hiyohiyo, kisha mumwonyeshe kadi.