Mdondo wa kuku: chanja kabla haujaingia bandani

Mdondo, ambao wengi huuita kideri, ukiingia kwenye kundi lisilochanjwa unaweza kuua kuku tisa kati ya kumi. Husababishwa na kirusi na hauna tiba. Antibayotiki, pilipili na shubiri mwitu havikiui kirusi hicho. Inauma kuona mfugaji akimaliza fedha kwa dawa hizo wakati chupa moja ya chanjo ingelinda kundi lote.

Dalili huonekana mara nyingi siku 5 hadi 6 baada ya maambukizi. Kuku hujikunyata, hupumua kwa shida mdomo ukiwa wazi, huharisha kijani, kisha wengine hupinda shingo au kupooza miguu na mbawa. Taifodi ya kuku nayo huleta mharo wa kijani, kwa hiyo mwite afisa mifugo athibitishe.

Kirusi hutoka kwenye kinyesi na makamasi, kikasafiri kwa viatu, matenga, trei za mayai na kuku wapya. Kinachokieneza sana ni haraka ya kuuza: vifo vikianza, kuku waliobaki hupelekwa mnadani, nao huambukiza vijiji vingine. Usiuze. Utumbo na manyoya ya waliochinjwa visitupwe jalalani, kuku wa jirani watavidonoa. Mizoga ichomwe au ifukiwe shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua.

Kwa kuku wa kienyeji tunapendekeza chanjo ya I-2 ya matone, ambayo hapa Tanzania hutengenezwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari (TVLA). Huvumilia joto kuliko nyingine, lakini jua huiharibu. Ibebe kwenye chombo chenye ubaridi, imefunikwa. Chanja alfajiri kabla ya kuwafungulia, au jioni wakisharudi. Mmoja amlaze kuku ubavu, mwingine ashike kichupa wima, mdomo chini, bila kugusa jicho. Kichupa kikiinamishwa upande, ukubwa wa matone hubadilika na dozi huharibika. Dondosha tone moja katika jicho moja, subiri lisambae ndipo umwachie. Likidondokea nje, rudia. Kifaranga na jogoo dozi yao ni ileile, tone moja.

Rudia kila baada ya miezi mitatu. Hapa ndipo wengi huteleza: wanachanja mara moja, vifaranga wapya wanaanguliwa, kinga ya wakubwa inashuka, na ugonjwa unarudi. Afadhali kijiji kizima kipange siku moja.

Chanja kuku wazima tu. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka, hivyo kuku ambaye tayari ana kirusi atakufa hata akichanjwa, na mikono ya mchanjaji itahamisha ugonjwa kwa wenzake. Ndiyo maana chanjo husingiziwa kuua kuku.

Ukichanja kwa maji ya kunywa, usitumie maji yenye klorini wala chombo kilichooshwa kwa dawa, chanjo itakufa. Wanyime maji kwanza ili wayanywe yote ndani ya saa mbili. Hata hivyo, tone la jicho hutoa kinga ya uhakika zaidi.

Kuku mgeni akae peke yake wiki tatu, kwa chombo chake cha maji, na umhudumie wa mwisho. Ukishagusa kuku mgonjwa au chanjo, nawa kwa sabuni kabla ya kujigusa macho, kwani kirusi hiki huweza kumletea binadamu macho mekundu kwa siku kadhaa.