Namna ya kusoma alama za wakoloni Ufilipino

Ufilipino ilitawaliwa na Wahispania, kisha Wamarekani. Anza na saa. Mfilipino akikwambia "alas dos", anakusudia saa nane, na hicho ni Kihispania. Kisha ingia jikoni: mesa, kutsara (kijiko), sibuyas (kitunguu). (Hiyo mesa nilipoisikia nilicheka, meza yetu tuliipata kwa Wareno.)

Kwenye majina nenda taratibu. Mimi nilidhani kila mwenye jina la Kihispania ana babu Mhispania. La! Mwaka 1849 Gavana Narciso Clavería aliamuru watu wapewe majina ya ukoo kutoka orodha maalumu.

Shuleni ndiko penye utamu. Chuo Kikuu cha Santo Tomas, Manila, kilianzishwa na mapadri mwaka 1611. Wamarekani nao, mwaka 1901, walileta walimu wapatao 500 kwa meli iitwayo Thomas, na Kiingereza kikawa lugha ya kufundishia. Sasa sikiliza wanavyomwita mwalimu: neno maestra ni la Mhispania, titser ni la Mmarekani. Guro je? Usiwape wakoloni hilo. Lina asili ya Kisanskriti, nalo lilifika kabla ya merikebu zao.