Kabla hujachimba bustani ya mvua

Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu, ndio wakati wa kushika jembe hapa Dar uchimbe bustani ya mvua, yaani shimo pana lenye mimea la kupokea maji ya paa. Ukingoja masika yaanze Machi, utachimba tope na miche itasombwa kabla haijashika mizizi.

Kumbuka kwanza vuli iliyopita: maji ya paa lako yalikimbilia wapi? Bati la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 10 tu, linamwaga lita 1,000. Uwanja ukiwa umesakafiwa wote, maji hayo yanatoka getini, yanazoa oili na taka za barabarani, yanawaangukia wenzetu wa Jangwani na bonde zima la Msimbazi, kisha yanaingia baharini. Shimo pana la mita za mraba 7, kina sentimita 15, lililopandwa mimea, linayapokea yote. Udongo na mizizi huchuja uchafu, maji yakazama kulisha visima, na uwanja ukapoa.

Lakini usianze kabla ya kuupima udongo, hapo nakusihi sana. Chimba kishimo cha futi moja, jaza maji, yakinywewa jaza tena. Simika kijiti chenye alama, ukipitie kila saa. Penye kichanga alama zinajitokeza moja baada ya nyingine. Penye mfinyanzi maji yanatulia tu, yanakutazama. Yakilala mpaka kesho yake, hamia kona nyingine. Mbu huhitaji kama wiki moja kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo bustani inayokauka ndani ya siku mbili haimlei. Jiji lililougua dengue mwaka 2014 na 2019 linajua kwa nini nasisitiza.

Kaa mita 3 au zaidi kutoka kwenye msingi wa nyumba, na mbali kabisa na shimo la choo: likijaa maji litafurika, na kinyesi kikiingia bustanini umeharibu kisima chako na cha jirani.

Katikati panda mikangaga na maua ya kana, mimea inayovumilia maji. Kingoni, pasipotuama, mchaichai. Vipepeo na nyuki watakuja wenyewe. Panga mawe pale gata inapomwagia, maji yasichimbe. Halafu, kabla ya kukata mdomo wa kutolea maji ya ziada, mwite jirani wa upande wa chini mkubaliane yatapita wapi.